Ulimi Hauna Mfupa: Konsonanti za Kiingereza na Kinywa cha Mwananchi

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Walikusudia kutuonya kwamba ulimi waweza kutamka lolote, la kweli na la uongo, pasipo kuvunjika. Lakini msemo huo una maana ya pili ambayo yatufaa leo. Kitu kisicho na mfupa chaweza kukunjwa, kunyoshwa, kuinuliwa na kushushwa, mradi mwenyewe ajue anakotaka kukipeleka. Na habari ya kujifunza matamshi ya Kiingereza, hasa matamshi ya konsonanti, ni habari ya kujua ulimi uende wapi.

Wako wananchi wengi wasomao Kiingereza kwa macho bila taabu. Barua ya ofisini wanaielewa, tangazo la kazi wanalielewa, kitabu cha mashine wanakifuata ukurasa kwa ukurasa. Lakini wakifungua kinywa mbele ya mgeni, hawaeleweki, na pengine wenzao huwacheka. Kicheko hicho kimefunga vinywa vya watu hodari kuliko mitihani yote. Mfanyakazi aliyechekwa mara moja kwa kusema "road" badala ya "load" huamua kunyamaza, na kwa kunyamaza hukosa haki yake, cheo chake, au maelezo ya usalama ambayo angeyauliza.

Kuna imani mbili potofu zinazolea hali hiyo. Ya kwanza ni kwamba ulimi wa Mwafrika ni mzito kwa Kiingereza. Ya pili ni kwamba asemaye Kiingereza sharti asikike kama mtu aliyezaliwa London. Imani hizi zote mbili ni za zama za kutawaliwa, na zote mbili hazina msingi katika elimu ya sauti. Tuzipime kwa mfano wa nchi yetu wenyewe.

MPAKANI NGARA

Tuchukue wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko husemwa Kihangaza na Kishubi, lugha ambazo ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Mtoto wa huko huanza na lugha ya mama, hukutana na Kiswahili shuleni na sokoni, kisha Kiingereza humjia kikiwa lugha ya tatu.

Wala Kiingereza hicho si pambo. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba shule zake ziache kufundisha kwa Kifaransa na kushika Kiingereza. Mwezi Aprili 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo juu ya mto Kagera, njia kuu ya malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Kigali. Dereva, utingo, mpagazi, karani wa forodha na mama muuza chakula wa Rusumo hukutana kila siku na watu wa lugha nyingi. Kiswahili huwapatanisha mara nyingi, lakini makaratasi ya mizigo huandikwa kwa Kiingereza, na mara kwa mara husomwa kwa sauti. Hapo mzigo, yaani "load", na barabara, yaani "road", hutofautishwa na konsonanti moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa taa, "light", na kulia, "right". Biharamulo nako kumechimbwa dhahabu. Na dhahabu, "gold", hutengwa na baridi, "cold", kwa mtetemo mdogo kooni. Hayo si mambo ya kuchezea kwa mtu aendeshaye gari au mashine.

HEWA, KOO NA ULIMI

Konsonanti ni nini? Katika irabu, yaani a, e, i, o, u, hewa hutoka mapafuni ikapita kinywani bila kuzuiwa. Katika konsonanti, hewa hiyo huzuiwa mahali fulani, kabisa au kwa kiasi. Kila konsonanti, iwe ya Kiingereza, ya Kihangaza au ya Kichina, yaweza kuelezwa kwa kujibu maswali matatu: hewa imezuiwa wapi? imezuiwa namna gani? na je, koo linatetemeka au halitetemeki?

Tuanze na swali la kwanza. Hewa yaweza kuzuiwa midomoni, kama katika p, b na m. Yaweza kuzuiwa pale meno ya juu yagusapo mdomo wa chini, kama katika f na v. Yaweza kuzuiwa na ncha ya ulimi menoni, kama katika th ya "thamani". Au nyuma kidogo kwenye ufizi, kama katika s, n na l. Au katikati ya kaakaa, kama katika y. Au nyuma kabisa, pale mgongo wa ulimi ugusapo kaakaa laini, kama katika k na g.

Swali la pili ni namna ya kuzuia. Hewa ikifungiwa kabisa kisha ikaachiliwa kwa ghafla, twapata vipasuo: p, b, t, d, k, g. Ikiachiwa mwanya mwembamba ikapita kwa mkwaruzo, twapata vikwamizo: f, v, s, z, sh na kadhalika. Kinywa kikifungwa na hewa ikapelekwa puani, twapata m, n na ng' ya "ng'ombe". Mtu akitaka kuhakikisha, na azibe pua yake huku akivuta sauti ya m. Ataona sauti inakatika mara moja. Hewa ikipita kandokando ya ulimi huku ncha imegusa ufizi, hiyo ni l.

Swali la tatu ni la koo. Ndani ya zoloto, juu ya bomba la pumzi, kuna nyuzi mbili za sauti. Mwalimu wa kuimba aitwaye Manuel García, aliyekuwa akifundisha London, alizitazama zikifanya kazi mwaka 1854 kwa kutumia kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Nyuzi hizo zikitetemeka, sauti huitwa ghuna. Zikitulia, si ghuna. Weka vidole kooni useme "ssss", kisha "zzzz". Ulimi haukuondoka mahali pake. Kilichobadilika ni koo tu. Tofauti hiyo hiyo ndiyo itengayo p na b, t na d, k na g, f na v.

Kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu, Kiingereza kina konsonanti 24. Lakini zimeandikwa kwa tahajia iliyochakaa ambayo haifuati matamshi. "Knee", yaani goti, huandikwa kwa k isiyotamkwa. "Lamb", mwanakondoo, kwa b isiyotamkwa. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba kila herufi husomwa, hudanganywa na karatasi. Ndiyo sababu walimu wa lugha waliokusanyika Paris mwaka 1886, wakiongozwa na Paul Passy, waliunda chama cha kimataifa cha fonetiki, ambacho baadaye kilitoa alfabeti yenye alama moja kwa kila sauti. Kamusi nyingi za leo huonyesha alama hizo kando ya neno. Anayejifunza Kiingereza na ajitahidi kuzifahamu, kwani zitamwambia ukweli ambao tahajia inauficha.

MALI ILIYOMO KINYWANI MWETU

Sasa tuulize: je, ulimi wa mtu wa Ngara ni mzito? Tazama kanuni moja iliyomo katika Kirundi na Kinyarwanda. Kiambishi cha kitenzi ni ku-, kama katika "kugenda". Lakini mzizi ukianza na sauti isiyo ghuna, ku- hugeuka kuwa gu-: kufanya kazi ni "gukora", si "kukora". Mtoto wa miaka minne hatamki kinyume hata siku moja. Bila kufundishwa na mtu, koo lake hutetemeka pale linapopaswa na kutulia pale linapopaswa. Wataalamu huiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani Edmund Dahl aliyeitambua katika Kinyamwezi mwishoni mwa karne ya 19. Basi mtoto atumiaye kanuni hiyo ashindwe vipi kutofautisha k ya "cold" na g ya "gold"? Tofauti anayo tayari. Kinachotakiwa ni kumwonyesha kwamba ndiyo hiyo hiyo.

Tena, katika neno la Kiingereza "measure", yaani kipimo, imo sauti ambayo Kiswahili hakina: ni sh yenye mtetemo wa koo. Msemaji wa Kiswahili pekee hutatizwa nayo. Lakini Mrundi na Mnyarwanda huitamka kila siku, kwani ndiyo j yao katika "ijambo", maana yake neno. Pia wanayo pf, kama katika "gupfa", yaani kufa, na ts, kama katika "gutsinda", yaani kushinda, ambazo Kiingereza hakianzi nazo neno lake lolote la asili. Nani basi mwenye ulimi mzito?

Nacho Kiswahili huchangia mali yake. Kwa mkopo wa kale kutoka Kiarabu, Kiswahili kina th ya "thelathini" na dh ya "dhambi". Ndizo sauti mbili ambazo Kiingereza huziandika kwa herufi zile zile th, moja katika "think", kufikiri, na nyingine katika "this", hii. Wazungu wengi wa bara hushindwa na sauti hizo. Mfaransa husema z na Mjerumani husema s. Mwanafunzi wa Ngara aliyefundishwa kusema "dhahabu" badala ya "zahabu" amekwisha kujifunza konsonanti moja ya Kiingereza katika somo la Kiswahili. Nayo ng' ya "ng'ombe" ndiyo sauti ya mwisho katika "sing", yaani kuimba. Wala hapaongezwi g baada yake.

PALE TUNAPOJIKWAA

Hata hivyo si haki kusema hakuna shida. Zipo, na zinajulikana.

Ya kwanza ni l na r. Katika Kirundi na Kinyarwanda sauti hizi mbili hazitengi maana ya maneno, kwa hiyo sikio la mtoto halikufundishwa kuzitofautisha. Dawa si kumkaripia. Mwambie hivi: kwa l, ncha ya ulimi iguse ufizi na ikae hapo, hewa ipite kando. Kwa r ya Kiingereza, ncha isiguse kitu chochote. Ijikunje juu kidogo na kubaki hewani. Kugusa na kutogusa: hilo tu. Atakapoweza kulihisi jambo hilo kinywani, sikio litafuata.

Ya pili ni b. Katika Kirundi na Kinyarwanda, b ya "abantu" hutamkwa midomo ikikaribiana bila kufungana. Akiitumia b hiyo katika Kiingereza, msikilizaji hudhani amesema v, na "best", yaani bora kabisa, hugeuka kuwa "vest", fulana. Lakini katika neno "imbuto", yaani mbegu, midomo hufungana barabara kwa sababu ya m iliyotangulia. Basi na aanzie hapo: aseme mb, kisha aondoe m huku midomo ikiwa bado imefungwa.

Ya tatu ni pumzi ya p, t na k. Mwingereza akianza neno kwa sauti hizo, hutoa pumzi kidogo baada ya mpasuko. Pumzi hiyo isipokuwapo, "park", yaani bustani ya mapumziko, yaweza kusikika kama "bark", mbweko wa mbwa. Jambo hili si geni kwa Waswahili. Wazee wa pwani hutofautisha paa la nyumba, lisilo na pumzi, na paa mnyama, mwenye pumzi. Na vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia yetu haiandiki tofauti hiyo, na wengi wa bara hawana habari nayo, lakini imo ndani ya lugha yetu wenyewe.

Ya nne ni konsonanti za mwisho. Lugha zetu hupenda kumaliza silabi kwa irabu, ndiyo maana "bank" ilipotujia tuliifanya benki, na "bus" tukaifanya basi. Hilo si kosa. Ndivyo lugha yenye afya imezavyo neno la kigeni. Lakini mtu asemapo Kiingereza, irabu hiyo ya nyongeza humpoteza msikilizaji. Tena kuna siri ambayo walimu wengi hawaitaji: Mwingereza hutofautisha "back", mgongo, na "bag", mfuko, si kwa konsonanti ya mwisho tu, bali kwa urefu wa irabu iliyotangulia. Mbele ya g irabu hurefushwa. Mbele ya k hukatwa upesi. Ajuaye siri hiyo ataeleweka hata kama g yake ya mwisho ni dhaifu.

KENYATTA NA WATAALAMU WA LONDON

Asije mtu akadhani elimu hii ni ya wageni peke yao. Katika miaka ya 1930, Jomo Kenyatta alipokuwa Uingereza, alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya Chuo Kikuu cha London, pale University College. Kazi yake ilikuwa kumtamkia Kikuyu mtaalamu Lilias Armstrong, naye akapima na kuandika kila sauti na kila toni. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake juu ya fonetiki ya Kikuyu kikachapishwa mwaka 1940.

Ni jambo la kukumbukwa. Kikuyu nacho hufuata kanuni ya Dahl, kwa hiyo hutenda kama Kirundi: kukata ni "gũtema" lakini kupika ni "kũruga". Nacho pia hakina l. Katika chumba kile, mtu aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964 hakuwa mwanafunzi wa kuchekwa kwa r zake. Alikuwa mwenye mali, na wataalamu wa Ulaya ndio waliokaa kitako kusikiliza. Lugha hiyo ilikuwa na mambo yanayotaka kitabu kizima.

TUFUATE KIINGEREZA CHA NANI?

Imesalia imani ya pili, ile ya kutaka kusikika kama Mwingereza. Mwingereza yupi? Wa kusini mwa Uingereza haitamki r iliyo mwishoni mwa "car", Mmarekani huitamka. Mskoti mara nyingi huipiga r kwa ncha ya ulimi, karibu kama yetu, na hakuna amwambiaye kwamba hajui Kiingereza. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, mji mkuu wa Skotlandi, hata akapata shahada yake mwaka 1952. Kwa hiyo Kiingereza kilichomzunguka masomoni kilikuwa na r za namna hiyo.

Mwaka 2000 mtaalamu Jennifer Jenkins alitoa kitabu juu ya Kiingereza kinachosemwa baina ya watu ambao si lugha yao ya kwanza, yaani hasa hali ya Rusumo. Aliuliza: ni makosa gani huvunja maelewano, na ni yapi hayadhuru? Alikuta kwamba konsonanti zina uzito mkubwa. Pumzi ya p, t na k ina uzito. Na urefu wa irabu una uzito. Lakini th, ambayo imewatoa jasho wanafunzi wengi, ikibadilishwa haivunji maelewano.

Hapa pana funzo kwa walimu wetu. Saa za somo ni chache. Zisimalizwe katika kuwanyenyekea watu wa London, bali zitumike pale ambapo kukosea humfanya dereva aelewe "kulia" mahali pa "taa". Kipimo cha matamshi mema ni kueleweka. Lafudhi ya nyumbani ikibaki, na ibaki. Ni alama ya mtu alikotoka, wala si dosari.

VYOMBO VYA SOMO

Wengine watasema shule zetu hazina mashine za kufundishia matamshi. Somo hili halihitaji mashine. Linahitaji kioo kidogo, kipande cha karatasi, na vidole viwili. Kioo kitamwonyesha mwanafunzi kama midomo imefungana katika b, na kama meno yamegusa mdomo katika v. Karatasi ikishikwa mbele ya kinywa itapepea kwa p ya Kiingereza, na itatulia kwa b. Vidole kooni vitamwambia kama sauti ni ghuna. Hata mtu mzima katika darasa la jioni, au wafanyakazi wawili wakati wa mapumziko ya mchana, waweza kupimana: mmoja aseme ama "load" ama "road", mwenzake aonyeshe kwa kidole mzigo au barabara. Akionyesha sivyo, warudie. Robo saa kila siku yatosha.

Mwalimu naye abadili desturi moja. Aache kusema "umekosea, rudia". Mwanafunzi akirudia bila kujua ulimi uende wapi atarudia kosa lile lile, na mara ya tatu atanyamaza. Badala yake amwambie: "Gusa ufizi." "Funga midomo." "Toa pumzi." "Tetemesha koo." Hayo ni maagizo ambayo mtu yeyote aweza kuyatii, kama fundi amwambiavyo mwanagenzi mahali pa kushika nyundo.

Na sisi tulio nje ya darasa tunao wajibu wetu. Tuache kucheka. Anayemcheka mwenzake kwa r na l hamsaidii, ila anamfunga kinywa; na mfanyakazi aliyefungwa kinywa hawezi kuuliza, hawezi kudai, wala hawezi kuonya wenzake hatari inapokuja. Kiswahili kibaki kuwa lugha yetu ya taifa, na lugha za mama zibaki kuwa ghala la sauti zetu. Kiingereza tukitumie kama jembe. Hakuna aliyezaliwa na ulimi mzito. Wako tu ambao bado hawajaonyeshwa pa kuuweka.